Mzee wa Tano Kando ya Turkwel

"Orodha yetu imevuja kutoka Kakuma," sauti ya Kipchumba ilikwaruza sikioni mwa Makena. "Mbebaji yuko hapo Lodwar, amevaa kama mzee mfugaji. Pikipiki ya Boxer ya kumchukua inafika saa kumi na moja na nusu."

Makena alitazama saa. Dakika tisa.

"Majina mangapi, Mkuu?"

"Kumi na moja. Wapasha habari wetu wote wa kambini."

La kwanza alilijua. Adau, muuza chai, ambaye Makena mwenyewe alimwapia: jina lako halitaandikwa popote. Kisha ofisi ikadai ripoti, naye akaliandika. Tangu siku hiyo chai ya Adau ilimkwama kooni.

Akaongeza mwendo. Kwa watu wa Lodwar alikuwa ofisa tu, anayepunguza kitambi jioni. Njia ya matembezi ilifuata mto Turkwel juu ya tuta la reli ndogo iliyobeba mawe zamani. Vyuma viling'olewa, ikamwagwa changarawe, yakapangwa mabenchi ya saruji. Chini ya mikoma wazee watano walikuwa wakipunga upepo. Shuka tano. Fimbo tano. Ekicholong tano, vile vigoda vya mbao ambavyo mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila chake.

Dakika nne.

"Ejok," alisalimu.

"Ejok nooi," walijibu.

Wanne walikuwa wamekalia vigoda vyao. Wa tano alikaa benchini, kigoda amekipakata kama mtoto mgonjwa.

Nani ana kiti chake halafu akalie saruji ya watu? Labda mwenye kiti kisichobeba uzito. Kiti kilichochimbwa ndani.

Bastola yake ya Glock ilichomoka chini ya jaketi la mazoezi.

"Kiweke chini, baba."

Mkono wa mzee ukazama ndani ya shuka. Teke moja kwenye kiwiko, na bastola ya yule bwana ikaruka mtoni. Kofia ya manyoya ikaanguka. Hakuwa mzee. Alikuwa Mou, tarishi wa wauza silaha, ambaye Makena alilala na kuamka na picha yake.

Alimfunga pingu kwenye benchi, akakikanyaga kigoda. Kikapasuka. Kadi ndogo kama ukucha ikadondoka. Mbali barabarani, Boxer iligeuza na kutokomea.

"Kadi ninayo, Mkuu."

Mou alicheka. "Madam, umechelewa. Mtu hawezi nunua kitu bila kuonja. Jina moja tulimpa mnunuzi jana."

"Lipi?"

"Ile ya kwanza."

Makena alipiga simu ya Adau, Kakuma. Iliita ikakatika. Mara ya tatu akapokea jirani, akilia.

"Adau walimpiga risasi asubuhi, dada. Chai ilikuwa bado kwa moto."

Makena alikata simu.

"Kazi safi," Kipchumba alisema sikioni. "Kumi wamepona. Niandikie ripoti, na majina yote."

"Siandiki jina la mtu tena, Mkuu."

"Hiyo ni amri, Makena!"

Aliivunja kadi vipande viwili, akachomoa kile kidude cha sikioni na kukitia mfukoni. Akamwacha Mou kwenye pingu, akawaaga wazee wanne kwa heshima, kisha akaendelea na matembezi yake juu ya tuta, kwa mwendo uleule wa kila jioni.