Plagi za Nyanchoka

Siku ya soko, Probox, gari la Nyanchoka, ilizima katikati ya lango la soko la Daraja Mbili, mikungu ya ndizi imejaa hadi darini, na honi nyuma yake zikaanza kumtukana. Akashuka na gambuti na sketi yake ya maua, akafungua boneti.

"Mrembo, nikuitie fundi?" Aliyeuliza ni Mokua, muuza makoti ya mitumba, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi kali.

"Fundi ndiye huyu unayemwona. Nimulikie na simu."

Akachomoa plagi za injini moja moja, akazisugua kwa msasa. Kila moja ilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

"Kumbe hata gari unalirembesha?"

"Naweka alama. Gereji walimbadilishia baba yangu injini nzima, wakamrudishia mzoga. Nilikuwa darasa la sita. Sura ya yule fundi ninayo mpaka leo."

Gari likawaka. Kabla Nyanchoka hajafika kwao Ikonge, Mokua alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Wakapendana. "Umekula, plagi yangu?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Ijumaa moja gari likaanza kukohoa. Nyanchoka ni Msabato, Jumamosi hagusi spana. Mokua, Mkatoliki, akaliazima apeleke makoti Kisii. Jumapili asubuhi Nyanchoka akafungua boneti: plagi nne kuukuu, zenye kutu, bila alama yoyote. Akapiga simu.

"Mokua, gari langu ulilipeleka wapi?"

"Gereji, mpenzi. Zawadi! Nimelipa mwenyewe, upumzike."

"Nani alikwambia nimechoka? Wameiba plagi zangu! Ulikuwa wapi wakifungua?"

"Waliniletea chai."

"Chai! Baba naye walimpa chai, wakampa na kiti, wakamwambia mzee tulia. Wale watu wanakula kwa sababu sisi tunaogopa kuuliza! Sema ukweli, unaionea haya mikono yangu yenye grisi."

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu yake. Plagi zingenunulika, lakini angeishije na mume anayetaka kumwokoa kutoka kwa kazi anayoijua?

Jumapili ya tatu Mokua akatokea Ikonge, na koti la misa na plagi mpya mfukoni.

"Nilirudi gereji, wakakana. Nikasimama mlangoni siku nzima nikimwambia kila mteja walichonifanyia, mpaka wakaita askari."

Nyanchoka akauma midomo asicheke. "Na mikono yangu?"

"Aibu ni yangu mimi, Nyanchoka. Mwanaume mzima, kazi yangu kumulika tu. Nifundishe."

"Shika basi. Anza na vidole, si spana. Plagi ikiingia upande inaharibu injini, umeniua."

Mara tatu akamwambia afungue aanze upya. Mara tatu Mokua akaguna, jasho likimchuruzika shingoni. Mara ya nne injini ikanguruma bila kikohozi.

"Nyanchoka, nataka kuleta wazee wetu hapa kwenu."

"Watakuja na nini?"

"Na hili gari letu..."

"Langu."

"Lako."

Nyanchoka akaifikiria barabara ya kutoka kwao Mokua, Kisii, milima na miteremko yake yote, na wazee wa watu wamebanana kiti cha nyuma.

"Pedi za breki za mbele zimeisha," akasema. "Vua koti, leta jeki."