Matofali Yasiyotaka Moto

Mtaani walimwita Tanuri, na jina lilimkaa. Alikuwa mwokaji wa mikate. Watu walipoamka, yeye alikuwa ameshasimama mbele ya moto, unga hadi kwenye nyusi. Mtu huyu alipenda moto, jamani! Kwake yeye, kitu ambacho hakijapita motoni kilikuwa kibichi, na kibichi hakifai.

Mwezi ule roho yake ilikuwa juu juu. Mama mkwe wake alikuwa ameanguka bafuni kwake, akavunjika mguu. Mguu ulipona, lakini daktari alisema asiishi tena peke yake. Tanuri na mkewe wakamleta kwao. Chumba cha ziada hawakuwa nacho, wakamlaza stoo. Stoo ile ilikuwa mabati juu, mabati ubavuni. Mchana hakukaliki! Bibi alijikaza siku nne. Siku ya tano alishika fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mimi si mkate," alimwambia Tanuri. "Nirudishe kwangu."

"Mama, nipe muda. Nitakujengea chumba."

"Nakupa miezi miwili. Nitakaa kwa mdogo wangu. Ukishindwa, narudi kwangu, na msinibembeleze."

Mke wa Tanuri alimsindikiza mama yake hadi barabarani. Alirudi macho mekundu.

"Akianguka tena kule, hakuna wa kumwinua," alisema. "Nakuomba, mume wangu. Usiniangushe."

Tanuri alichukua shoka, akaenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na miti mitatu mikubwa. Alikunja mikono ya shati, akauchagua wa kwanza.

"Shemeji! Mti umekukosea nini?"

Aliyeita alikuwa jirani yao, mwanamke fundi mwashi. Watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi hupimia kama ukuta umenyooka. Ukuta wake haujawahi kupinda, na ulimi wake pia ulikwenda moja kwa moja.

"Nataka kuni," Tanuri alisema. "Nafyatua matofali ya chumba cha mama. Lazima niyachome."

"Mama anakimbia joto, wewe unakata kivuli chake? Akili hiyo umeitoa wapi?"

Tanuri alishusha shoka. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Sikiliza," Timazi alisema. "Kuna matofali yasiyochomwa. Ni udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayali kuni, hayatoi moshi. Udongo unachimba hapa hapa, hulipi gari. Na ukuta wake mnene huchelewa kupitisha joto la jua."

"Tofali bi... bichi?" Tanuri alikaribia kuuma ulimi.

"Halichomwi, lakini si bichi. Utaona."

Kesho yake Tanuri alianza kuchimba kwenye bustani ya mboga ya mkewe. Mke alitoka mbio na mwiko mkononi. Timazi naye akaruka uzio.

"Udongo si udongo?" Tanuri aliuliza.

"Wee! Huo mweusi una mbolea na mizizi. Ni wa kulima. Mizizi ikioza, tofali linabaki na matundu. Chimba pale pengine, uvuke huo mweusi, uchukue wa chini."

Walichukua udongo wa chini, wakautia kwenye chupa ya kioo, wakaongeza maji na chumvi kidogo, wakatikisa, wakauacha hadi kesho yake. Mchanga ulikaa chini. Ule laini ulikaa katikati. Udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, ulikaa juu.

"Mchanga ni mwingi na mfinyanzi upo wa kushika," Timazi alisema. "Huu unafaa. Mfinyanzi ungezidi, matofali yangepasuka. Ungekosekana, yangemomonyoka."

Kisha Timazi alijaribu michanganyiko kadhaa. Kwa udongo wa pale, alichagua ndoo moja ya saruji kwa ndoo kumi na nne za udongo. Alionya kwamba kila udongo una kipimo chake, na aliyejenga jirani asiigwe kwa macho. Walifyatua siku tatu. Tanuri alining'inia kwenye mkono wa mashine mpaka mgongo ukamlilia. Siku ya tatu jioni Timazi aliitwa kwenye kazi nyingine.

"Yafunikeni kwa nailoni, kivulini," aliagiza. "Mimi nikirudi, ninataka kuyakuta yanakomaa."

Yanakomaa! Neno hilo ndilo lililomponza Tanuri. Mkate hukomaa wapi, kama si tanurini? Alipomaliza mikate ya siku ile, moto ulikuwa umezimwa na tanuri bado lina joto. Alipakia matofali ishirini kwenye toroli, akayapanga ndani kwa mstari, akafunga mlango. Alijiona mjanja kweli kweli.

Alipofungua, uso ulimsawajika. Yote yalikuwa na nyufa. Alishika moja, likabaki vipande mkononi.

"Umeoka matofali?" mkewe aliuliza, haamini macho yake. "Na sukari ulitia?"

Timazi aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alifuta machozi, akasema kwa upole:

"Shemeji, kukomaa si kukauka. Saruji inahitaji maji ili ikaze. Ukiinyang'anya maji mapema, inakufa kabla haijashika. Matofali haya yanataka kivuli, nailoni, na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Halafu yaache yatulie mpaka wiki nne zitimie."

"Na haya ishirini?"

"Tutayaponda, tujazie chini ya sakafu. Hatutupi kitu."

Kuanzia siku ile Tanuri aliyanywesha matofali yake kama anayelea watoto. Ila habari zilishafika kwa mama mkwe, na zilifika zimepinda: mkwe wake anamjengea nyumba ya tope. Wiki ya nne alikuja mwenyewe, fimbo mbele.

"Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya tope," alisema. "Mvua moja tu, ukuta wote chini. Sirudi huko! Mnataka mnikute nimekuwa uji?"

Mke wa Tanuri aliinamisha kichwa. Timazi alileta ndoo ya maji.

"Mama, chagua tofali mwenyewe."

Bibi alichagua kwa kulipigapiga, kama mtu anayenunua tikiti. Wakalizamisha ndooni, na bibi akalala kwa binti yake usiku huo. Kesho yake walilitoa. Maji ya ndoo yalikuwa bado safi, na kingo za tofali hazikumeguka. Bibi alilipiga kwa fimbo. Akalipiga tena kwa nguvu. Ncha ya fimbo ikavunjika.

"Haya basi," alisema. "Jengeni. Na fimbo mtanilipa."

Wakajenga! Msingi waliuinua kwa mawe, maji ya mvua yasiguse tofali. Paa walilitokeza mbele, ukuta usilowe. Madirisha waliyaweka mawili yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule. Mlango waliununua kwenye duka lililobomolewa, mbao ngumu za zamani, wakaupiga randa ukang'aa. Ndani Tanuri alitaka rangi ya mafuta. Timazi alimkatalia: rangi ile hufungia unyevu ukutani na harufu yake humkera mtu mwenye kifua. Wakapaka chokaa, chumba kikawa cheupe pe. Miti mitatu ikabaki imesimama, inakiwekea kivuli.

Siku ya kuingia, bibi alikataa kuja asubuhi. Alikuja saa saba mchana, jua likiwa kali, makusudi kabisa. Aliingia na kufunga mlango. Nje, watatu walisubiri. Mke wa Tanuri alimshika mumewe mkono akaubana mpaka ukauma.

Dakika tano. Kumi.

Tanuri alisukuma mlango polepole. Mama mkwe wake alikuwa amejilaza kitandani na khanga imemfunika hadi mabegani. Alikuwa anakoroma.

Mke wa Tanuri alilia na kucheka kwa pamoja. Timazi alipiga kigelegele, na wapita njia wakaitikia bila kujua sababu. Bibi alishtuka, akafumbua jicho moja.

"Kelele za nini?" alisema. "Mwanangu, tafuta gari ukalete vitu vyangu vyote vilivyo kule kwangu. Na kuku msiwasahau. Sasa nifungieni mlango, nimalize usingizi."