Yule Dada wa Meja

"Ni wiki mbili tu, Kulu. Akishaondoka, unarudi ndani."

Kuluthum hakuinua uso. Alikuwa akitoa kanga zake kabatini, moja moja, akizikunja na kuzirundika juu ya kitanda.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Meja. Si unaona nakunja?"

"Ni dada yangu. Ametoka Uskoti, safari ndefu. Watu wa kwetu ni wa kizamani, hawataelewa."

"Alipokuja askofu ulisema hivyohivyo. Alipokuja DC pia. Hata wale jirani zako wakija Krismasi, mimi nahamia chumba cha nyuma ya jiko." Alifunga furushi lake. "Sigombi. Nimechoka tu kubeba."

Ilikuwa mwaka 1957, katika shamba la kondoo na pareto juu ya Molo. Mwenye shamba, Meja Alasdair, alikuwa mtoto wa pili wa Lodi wa Glenarroch, cheo cha mkuu wa ukoo mkubwa huko kwao. Wafanyakazi walimwita Bwana Marinda, kwa sababu Krismasi yake ya kwanza alitoka nje amevaa ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, na watu walicheka mpaka wakaketi chini.

Kuluthum alimkuta mwaka arobaini na tano, hospitali ya wanajeshi, Nakuru. Meja alikuwa ametoka Burma na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, goti limesagika. Kuluthum, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Bondeni, alikuwa akifua bendeji. Siku moja mzungu yule akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba mkewe ameuawa na mabomu ya Wajerumani. Akalia. Kuluthum hakuwahi kuona afisa akilia. Huruma ikaanza hapo, na mengine yakafuata.

Walikuwa na binti mmoja, Hadiya, wa miaka kumi. Alilelewa Bondeni kwa mjomba wake Bashir, akiambiwa kwamba baba yake alikuwa askari na amekufa. Meja akipita kumwona, humpa mkono kama mgeni anavyompa mgeni mwenzake, kisha hurudi garini.

*

Mgeni alifika Jumanne kwa treni. Aliitwa Elspeth. Alikuwa mrefu, mvi zimeanza, macho mekundu ya mtu aliyelala ameketi. Micah, mpishi aliyekuwa na Meja tangu Burma, aliandaa chai barazani. Kuluthum akaileta amevaa aproni.

Aliweka sinia, akasimama wima.

"Meja, mwambie karibu. Mwambie nimefurahi kumwona wifi yangu."

Meja alikohoa, akatamka Kiingereza kifupi. Elspeth akatikisa kichwa kwa heshima, akamtazama Kuluthum kwa muda, kisha akaongea. Aliongea maneno mengi, polepole, bila kuondoa macho kwake.

"Anasema chai ni nzuri," Meja alisema.

"Yote hayo ni chai?"

"Na maziwa. Amependa maziwa ya hapa."

Elspeth akaongea tena, safari hii akijigusa kifuani. Kuluthum hakujua Kiingereza, ila maneno machache ya wodini: maji, maumivu, mke. Hilo la mke alilijua vizuri sana. Majeruhi walikuwa wakilisema huku wakimwonyesha picha. Na sasa mama huyu alikuwa amelisema, mkono wake juu ya kifua chake mwenyewe.

Micah alikuwa mlangoni ameshika bakuli la sukari.

"Micah, huyu mama amesema nini?"

"Micah, rudi jikoni," Meja alisema.

"Nitarudi, Efendi. Lakini nimeulizwa." Sauti ya Micah ilikuwa chini. Micah aliwahi kumbeba Meja mgongoni kuvuka mto, risasi zikilia. Hakumwogopa, alimwonea aibu. "Bi Kuluthum, amesema yeye ni mke wake. Wameoana mwaka thelathini na saba. Anauliza kama wewe unajua kwamba yuko hai."

Kondoo walisikika wakilia kule bondeni.

Kuluthum alivuta kiti, akaketi. Hakuwahi kuketi mbele ya mgeni katika nyumba ile.

"Mwambie sikujua. Mwambie mimi nimekuwa nikimwombea dua ya marehemu, kila Ijumaa, mwaka wa kumi na mbili huu."

Micah akatafsiri. Elspeth alicheka kidogo, kisha akafunika mdomo, na kile kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

"Anasema asante," Micah alisema. "Anasema pengine ndiyo maana hakuzama baharini. Anasema bwana alimwandikia kwamba daktari amemkataza baridi, hawezi kuishi tena Uskoti."

"Baridi? Hapa Molo, ambapo nyasi zinaganda asubuhi? Huyu anaoga maji ya kisima kabla jua halijatoka!"

"Kulu, niache nieleze," Meja alisema.

"Subiri zamu yako. Micah, muulize amefuata nini."

Micah akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka mkubwa wa Meja amefariki mwezi wa pili, hakuacha mtoto. Kwa hiyo sasa Meja ndiye Lodi. Na baada yake ni mtoto wao, Ranald. Ana miaka kumi na minane. Mara ya mwisho kumwona baba yake alikuwa wa miaka miwili."

Hapo ndipo Kuluthum alipogeuka kumtazama Meja.

"Una mwana?"

Meja aliangalia mikono yake.

"Una mwana, Meja, na hujawahi kumtaja hata kwa kuteleza ulimi?"

"Vita vilipoisha sikutaka kurudi kwa mtu aliyenijua nilivyokuwa zamani," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kukatika kama siku za hospitali. "Nilijua wataniangalia, watamtafuta yule wa kwanza, hawatamwona. Wewe hukumjua yule. Kila mwaka nilisema, mwaka ujao nitaandika ukweli."

"Kwa nani? Kwangu au kwake?"

Meja aligeuza kikombe chake juu ya kisahani.

Kuluthum alifungua aproni, akaiweka juu ya meza, kando ya birika.

"Mke ningejua la kufanya naye. Tungekaa, tungesemezana, hata kama ni kwa kulia. Lakini mtu aliyeweza kumwacha mtoto mmoja akakua hivihivi, mimi namwachiaje Hadiya?"

*

Furushi lilikuwa tayari limefungwa. Kuluthum alikuwa ameketi kando yake katika chumba cha nyuma, Elspeth alipobisha hodi pamoja na Micah.

"Anasema hakuja kumchukua Meja," Micah alisema. "Amekuja ili aachwe. Kuna mtu mwema huko kwao, daktari wa mifugo, anamsubiri mwaka wa sita. Angeweza kuandika barua, lakini barua za Meja zimemchosha. Alitaka kuangaliana naye uso kwa uso."

Kuluthum akasogea kitandani. Elspeth akaketi. Walikaa vile, mabega yakikaribiana, kama wanawake wawili wanaongoja zamu kliniki.

"Muulize huyo kijana wake akoje."

"Mkaidi. Anapenda mbwa. Hapendi kuulizwa habari za baba yake." Micah akasikiliza tena. "Naye anauliza kama una mtoto."

"Ninaye msichana. Wa Meja."

Elspeth alifumba macho, akayafumbua.

"Anasema, basi Ranald ana dada," Micah alisema.

Asubuhi iliyofuata Kuluthum alipanda treni ya Nakuru.

*

Bashir alifungua mlango, akaona furushi, hakuuliza kitu. Kaka mtu alikuwa na mdomo mkali, na siku hiyo aliufunga.

"Chai ipo jikoni," alisema. "Hadiya yuko shule."

Kuluthum alilala siku mbili. Siku ya tatu akaanza kumsaidia kushona vifungo. Wiki ya tatu, mzee Gelle, Msomali mwenye duka la jirani, akatuma mtu: kuna simu.

"Kulu?" Sauti ilikuwa mbali, inakwaruza. "Elspeth ameondoka jana. Karatasi za talaka nimetia sahihi."

"Meja, laini hiyo ina masikio." Simu za mashamba ya Molo zilikuwa na waya mmoja. Kila nyumba iliweza kusikiliza nyingine, na kila nyumba ilisikiliza.

"Najua. Nasikia mtu anapumua." Akawaambia hao wasikilizaji jambo kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Nimewaambia hivi. Mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba yangu miaka yote hii si mtumishi. Ni yeye nimpendaye, na tuna binti."

Kwenye waya ikasikika *klik*. Halafu *klik* nyingine.

Kuluthum aliegemea kaunta ya Gelle. Alingoja moyo wake uruke, haukuruka. Aliona tu uchovu ukishuka mabegani, kama mtu aliyetua ndoo.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini hao wa Molo si wa kwangu. Yupo mmoja hapa hajaambiwa."

"Hadiya."

"Njoo mchana, kwa mlango wa mbele. Mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Alikuja Jumamosi, kutoka stesheni kwa miguu, akichechemea. Mtaa mzima wa Bondeni ulisimama milangoni kumtazama. Bashir hakuacha kukanyaga cherehani.

"Viatu mlangoni," alisema.

Meja alivua viatu, akaketi kwenye mkeka kwa shida, goti lake halikunjiki. Hadiya alikaa mbele yake na daftari mapajani.

"Hadiya, uliambiwa baba yako ni askari amekufa."

"Ndiyo."

"Askari ni kweli. Kufa ni uongo. Ni mimi."

Msichana alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta, kama alivyoahidi.

"Sasa mbona ulikuwa unanipa mkono tu?" Hadiya aliuliza.

"Niliogopa watu."

"Na sasa huwaogopi?"

"Naogopa bado. Lakini nimekuja."

Hadiya alifikiri. "Sijui nikuite nani," alisema mwishowe, akainuka akaenda uani. Cherehani ya Bashir ilikuwa imenyamaza. Meja alikaa pale akiwa ameinamisha kichwa, na Kuluthum akamwona jinsi alivyozeeka.

"Nioe mimi, Kulu. Sasa hivi. Nitasilimu, nitafanya atakalo kaka yako."

"Yuko kijana huko kwenu hajui sauti yako. Nenda kwake kwanza. Umwambie kama ulivyomwambia huyu. Halafu ukiwa bado unataka kurudi, rudi."

"Na wewe utanisubiri?"

"Mimi nitakuwa nashona. Sikuahidi zaidi ya hapo."

*

Meja aliondoka kwa meli mwezi wa kumi. Kwa miezi mitano hakukuwa na neno, na Kuluthum akajizoeza kuliona jambo hilo kuwa limekwisha. Kisha ikaja barua, Kiswahili chake kimeandikwa kama amri za jeshi.

"Kulu. Ranald hakunisemesha siku arobaini. Nililala chumba cha wageni nyumbani kwa baba yangu. Siku ya arobaini na moja aliniomba nimsaidie kumshika mbwa aliyevunjika mguu. Tukaanza hapo. Elspeth ameolewa. Nimekaa kiti cha nyuma kanisani. Ilikuwa haki. Alasdair."

Kuluthum aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya mkebe wa vifungo. Bashir akamwangalia.

"Anarudi?"

"Hakusema."

"Wewe unataka arudi?"

"Bashir, nimechoka kutaka. Nipe uzi mweupe."

Alirudi mwishoni mwa mwaka 1958. Nyumba ya mawe ya Glenarroch na ardhi yake alikuwa amemwachia Ranald aitunze. Shamba la Molo akaliuza, akapanga nyumba ndogo Milimani, ambako majirani wazungu walipomwona walivuka barabara. Kila Ijumaa aliteremka Bondeni. Viatu mlangoni. Alikaa, akanywa chai, akamsaidia Hadiya hesabu za shule, akaondoka. Wiki za kwanza Hadiya hakumwita kitu. Halafu siku moja, akiwa amekwama kwenye hesabu ya kugawanya, alisema "Baba, hapa ni vipi?" bila kuinua kichwa. Wote wakajifanya hawakusikia.

Kila Ijumaa alipoinuka kuondoka, alimuuliza Kuluthum swali lilelile, naye alijibu, "Bado." Ilikwenda hivyo mpaka mvua za mwezi wa nne.

"Kulu, nioe mimi?" Miaka yote hakuwahi kujifunza kuliuliza vizuri.

Kuluthum alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Alimtazama mtu huyu mwenye mvi, amesimama na soksi zake, goti moja limekakamaa, anangoja. Hasira alizitafuta, akakuta zilikuwa zimeondoka zamani bila kuaga. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chake.

"Mwanamke ndiye huolewa, Meja."

"Najua. Nakosea kila mara."

"Mimi siulizwi mlangoni. Nina kaka. Alhamisi yupo, muulize."

Ndoa ilifungwa Alhamisi mbili baadaye, alasiri, sebuleni kwa Bashir. Meja alikuwa ametamka shahada asubuhi ile msikitini, akajikwaa mara moja, akarudia. Gelle alikuwa shahidi. Micah alikuja kutoka Molo, akatimua watu wote jikoni, akapika pilau mwenyewe.

Shehe alipokwenda chumbani kumuuliza bibi harusi, wanawake walinyamaza. Kuluthum alikaa kimya kwa muda, mpaka Hadiya akaanza kumvuta mkono.

"Binti," shehe alisema kwa upole, "lazima nisikie kwa kinywa chako. Umeridhika?"

"Nilikuwa najiuliza tu, nisije nikakudanganya," Kuluthum alisema. "Nimeridhika. Andika."