Puani mwa Ndege ya Usiku

"Sindano. Rangi imekauka?"

"Bado inanata."

"Basi ipulizie. Wageni wanaondoka leo, si kesho."

Simu ikakatwa.

Sindano aliiweka kando ya kichupa cha gundi ya Tamiya bila kutikisa meza. Kwenye ncha ya kibano chake kulikuwa na kipande cha waya chembamba kama unywele, antena ya mwisho. Akakigusisha mgongoni mwa ndege, akazuia pumzi, akaachia.

Kikashika.

Maneno ya Mkuu, bosi wake, hayakuhitaji mkalimani. Mzigo uliotazamiwa kutoka nchini kesho ungetoka leo alasiri, maonyesho yakifungwa tu.

Na mzigo ukitoka, mdogo wake ataozea gerezani.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa rada katika kituo cha wanamaji. Sehemu moja ya rada ya pwani ilikuwa imetoweka wakati wa zamu yake. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama gego, ndani ya ganda la chuma. Mafundi walikiita moyo wa rada. Atakayekipata angejua namna ya kuipofusha rada yote, na boti za wauza silaha zingeingia na kutoka kama kwao. Walimfunga kijana siku ile ile. Kesho angesomewa mashtaka ya uhaini.

Sindano, dada yake, alikuwa jasusi. Hakuweza hata kwenda kumwona.

"Kama unaona sifai kwa kazi hii, niondoe," alimwambia Mkuu mwanzoni.

"Nakupa kwa sababu hutalala mpaka iishe," Mkuu akajibu. "Nenda kajiunge na wajenga modeli, wale wa ndege ndogo za plastiki."

Walikuwa wamenasa simu moja tu ya mnunuzi wa kigeni. Moyo wa rada utasafiri puani mwa modeli ya ndege ya usiku, alisema, kutoka maonyesho ya chama cha wajenga modeli. Basi. Kumbe mwaka huo wanachama walikuwa wamekubaliana kila mtu ajenge ndege hiyo hiyo, wapimane ubavu. Ilikuwa ndege ya kivita ya wanamaji, ya miaka ya mwisho ya vita vikuu. Injini mbili. Viti viwili, cha rubani na cha mtu wa rada. Mizinga minne kwenye mashina ya mabawa, na pua ndefu iliyobeba rada ya kuwindia gizani.

Sindano akaijenga ya kwake, ili apate kiti pale mezani.

Miaka yote mikono yake ilijua kufungua kufuli, kukata nyaya na kutegua viwiko vya watu. Sasa ilijifunza kupiga msasa. Ilijifunza kupaka rangi ya buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na kusubiri. Yule mtu wa rada wa plastiki, mdogo kama punje ya mchele, alimpaka kwa brashi ya nywele tatu. Alimpa masikio yaliyochomoza kidogo, kama ya mdogo wake. Kazi hiyo haikuwa kwenye maagizo.

Aliitia ndege kwenye boksi la chama, akavaa saa yake, akasukuma kidude chake cha mawasiliano sikioni.

Akatoka.

*

Ukumbi ulinuka gundi na nta ya sakafu. Mlangoni kulikuwa na kamba, na kanuni ya chama: mikoba yote inabaki hapa, isije ikafagia bawa la mtu. Mkoba wa Sindano ulikuwa na bastola ya Beretta ndani yake. Aliukabidhi huku akitabasamu.

Modeli sita zilisimama kwenye meza ndefu, kila moja juu ya kibao chake.

"Binti, njoo hapa." Aliyeita alikuwa Daktari, mama mwenyekiti wa chama, mtaalamu wa meno. Vyombo vyake vya kliniki ndivyo alivyojengea modeli. "Hii mishono ya mabawa yako. Angekuwa mgonjwa wangu, ningemlaza."

"Niliijaza, Daktari."

"Uliijaza kama mtu anayekimbilia basi. Ila antena ni safi. Antena nimezipenda."

Sindano alipita mezani taratibu, mkono wa kushoto ukielea juu ya kila pua. Saa yake ilikuwa na kipimo cha metali kilichofichwa chini ya mishale.

Ndege ya kwanza. Saa ikatetemeka.

Ya pili. Ikatetemeka.

Zote sita, pamoja na yake mwenyewe.

"Mkuu," alinong'ona. "Zote zinaitetemesha saa."

"Zote vipi?"

"Ndege hii inasimama kwa magurudumu matatu, moja likiwa mbele, na mkia wake ni mzito. Usipoificha chubwi, kipande cha metali nzito, puani kabla ya kuunganisha mwili, inakaa kitako kama mbwa. Kila mjenzi ametia chubwi yake."

"Chagua moja," Mkuu akasema.

"Nikikosea?"

"Mwenye ya kweli atautumbukiza moyo wa rada chooni na kuvuta maji. Na mdogo wako ataenda nayo."

Upande wa pili wa ukumbi, mgeni mwenye koti la kijivu alikuwa akitazama modeli huku mikono yake iko nyuma. Huyo ndiye mnunuzi, mtu wa ubalozi. Pembeni yake alisimama Kapteni, rubani mstaafu, bingwa wa chama kwa miaka, ambaye bado aliingia kituo cha wanamaji kufundisha vijana. Wazee wengine watatu walibishana kuhusu rangi ya matairi.

Mtu yeyote kati ya hao.

"Astaghafiru," Daktari akasema.

Alikuwa ameinama mbele ya ndege ya Kapteni, miwani imemshukia puani. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona nzi kwenye chai.

"Kuna nini, Daktari?"

"Hebu angalia magurudumu."

Sindano akaangalia. Kila gurudumu lilizungukwa na utando mwembamba unaong'aa.

"Ameyagandisha kwenye kibao," Daktari akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa mtu. "Kapteni. Yule yule aliyemfukuza mwanachama mashindanoni kwa kosa hili. Anayegandisha magurudumu ni mtu aliyesahau chubwi, au aliyekosa nafasi ya kuitia. Sasa yeye, pua yote ile, amekosaje nafasi?"

Nafasi ilikuwa imechukuliwa na kitu kingine, kitu chenye ganda la chuma, kilichotosha kuitetemesha saa lakini chepesi mno kuushinda mkia.

"Mkuu," alisema bila kusogeza midomo. "Ni ya Kapteni."

"Una uhakika?"

"Magurudumu yamegandishwa."

"Sielewi hata kidogo unachosema."

"Niamini tu."

"Vijana wako mlango wa mbele. Nawazungusha."

Kapteni alikuwa ameshafika mezani. Aliitia ndege yake kwenye boksi, kibao na vyote, akalifunga kwa utepe.

"Unaenda wapi nayo?" Daktari akauliza. "Zawadi hazijatolewa."

"Mgeni wetu ameipenda, anasafiri nayo leo. Zawadi nipe kesho, si unajua tu nimeshinda."

"Kwa magurudumu yale?"

Tabasamu la Kapteni liliganda. Kisha akacheka, akampa mgongo, akasimama kidogo kupigwa picha pamoja na mgeni. Boksi aliliweka kwenye kiti kando yake. Mgeni akatangulia nje kwa mlango wa nyuma. Kapteni akalichukua boksi, akamfuata.

"Anatoka nyuma," Sindano akasema.

"Mzuie. Gari lina namba za ubalozi. Boksi likiingia ndani, hatuna la kufanya."

Beretta ilikuwa kwenye kamba, upande wa mbali wa ukumbi.

Sindano alichukua kitu pekee kilichokuwa karibu. Aliitia ndege yake kwenye boksi lake, akaifunika, akaenda.

*

Uani kulikuwa na jua kali, mapipa ya taka na Prado nyeusi inayounguruma. Mgeni wa koti la kijivu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa. Kapteni alibakiza hatua chache.

"Kapteni."

Aligeuka. Mkono mmoja ulishika boksi. Mwingine ulitoka ndani ya jaketi na Glock iliyofungwa kiziba sauti.

"Nilijua," akasema. "Hakuna mwanafunzi anayesimama mbele ya kila pua kwa muda ule ule. Simama hapo hapo."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo.

"Kapteni, kanuni ni kanuni," Daktari akasema huku akitweta. "Hakuna modeli inayo..."

Akaiona bastola.

Bastola ilihama kutoka kwa Sindano hadi kifuani mwa Daktari.

Angeweza kumrukia Kapteni sasa hivi. Pengine boksi angelipata, na mdogo wake angetoka. Na huyu mama, aliyemkemea kwa mishono ya mabawa na kumsifu kwa antena, angebaki chini kwenye saruji.

Hapana. Mdogo wake asingeweza kuishi na uhuru wa namna hiyo. Yeye mwenyewe asingeweza.

Akasogea hatua moja, akasimama kati ya bastola na Daktari.

"Unabeba nini hapo?" akauliza kwa upole.

"Usinichezee."

"Kwa sababu ya kwako ninayo mimi." Akainua boksi lake. "Ulipokuwa unapigwa picha. Kiti kilikuwa nyuma yako."

Ulikuwa uongo mtupu. Macho yalikuwa mengi mno, hakugusa kitu. Lakini maboksi yalikuwa ya chama, sare, na uzito wake ulilingana.

"Ingia garini," mgeni akasema kutoka dirishani. "Haraka."

"Nyamaza kidogo," Kapteni akamjibu.

Jasho lilianza kumtoka juu ya midomo. Alirudi nyuma hadi garini, akaliweka boksi lake juu ya boneti, akajaribu kubandua utepe kwa mkono mmoja. Utepe ulikataa.

"Umeitikisa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mjenzi sasa. "Uliposhika, uliitikisa?"

"Kidogo."

"Lete hapa. Polepole."

"Chukua," Sindano akasema.

Akalirusha juu.

Lilipanda, likapinduka, kifuniko kikafunguka. Ndege ya buluu ikachomoza nusu mwili, jua likamulika vioo vyake vidogo.

Mtu mwingine yeyote angefyatua. Mikono ya Kapteni ilikuwa imeishi maisha yake yote ikidaka vitu visivyotakiwa kuanguka. Haikumwomba ruhusa. Ilipaa juu yote miwili, vidole vimetanuka, na bastola ikamponyoka.

Alilidaka boksi vizuri sana, kifuani, kama mtu aliyepokea mtoto.

Sindano alikuwa ameshafika.

Goti tumboni. Kiganja shingoni. Kapteni akapiga magoti, na hata hapo hakuliachia boksi. Glock ikasukumwa kwa kiatu, ikateleza chini ya Prado.

Mlango wa gari ukafunguka. Mgeni aliruka nje, akanyoosha mkono kwenye boneti.

Boneti ilikuwa tupu.

Daktari alikuwa amelikumbatia boksi la Kapteni kwa mikono yote miwili. Kidevu chake kilikuwa juu.

"Mama, hiyo ni mali ya ubalozi," mgeni akasema.

"Hakuna modeli inayotoka kabla ya zawadi."

Buti zikasikika zikikimbia kwenye kona. Vijana wa Mkuu. Mgeni aliwatazama, akamtazama Kapteni pale chini, akanyoosha koti lake. Akaingia garini kama mtu aliyekuwa amesimama kuuliza njia.

Prado ikaondoka.

Tupu.

*

Waliifungua ndege ya Kapteni pale pale uani, juu ya kreti iliyogeuzwa. Daktari alimkataza kijana yeyote kutumia kisu.

"Mshike hivyo, shavu liangalie kwangu," alimwambia Sindano, akimaanisha ndege. Akaingiza kijichuma chake cha kliniki kwenye mshono wa pua, akakizungusha kidogo, akavuta.

Moyo wa rada ukatoka kama gego bovu.

Ulikuwa umeshikiliwa na tone nene la gundi. Ndani ya gundi ile, wazi kabisa, ilikuwa imekauka alama ya kidole gumba.

Kapteni aliiona. Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Kidole cha nani hicho?" Mkuu aliuliza sikioni, baada ya Sindano kumweleza.

"Si cha mdogo wangu."

Ukasikika mlio wa milango ya chuma ya gereza, nyayo, mtu akiitwa. Sauti nyingine ikaja, imekwaruza.

"Dada?"

Sindano alifumba macho. Alikuwa amepanga maneno mengi ya siku hii. Yote yakamkimbia.

"Umekula?" akauliza.

"Kidogo. Wanasema nivae viatu. Wanasema natoka. Ni kweli?"

"Vaa. Na ufunge kamba vizuri, usije ukajikwaa mbele ya watu. Nakuja kukuchukua mwenyewe."

Alisikia mdogo wake akicheka, kisha akasikia kicheko kile kikigeuka kitu kingine. Akamsubiri mpaka akamaliza.

Alipokata, Daktari alikuwa ameishika ile ndege ya buluu. Pangaboi moja lilikuwa limevunjika, na gurudumu la mbele limepinda kwa nje.

"Hii inatengenezeka," Daktari akasema. "Jumatatu uje mapema, nikufundishe mishono." Akamtazama juu mpaka chini, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Wewe binti, hivi wewe ni nani hasa?"

Sindano alichukua mkoba wake kwa kijana aliyeuleta, akauvaa begani, akashusha miwani ya jua.

"Dada wa mtu," akasema.

Akaenda zake, bila haraka, kuelekea mahali alipoegesha pikipiki.