Breki Iliyopiga Kelele

Mama mwenzangu, mtoto akiunda kitu cha shule, usikiguse kabla ya kumwuliza. Mimi niligusa.

Binti yangu yuko darasa la saba. Mwalimu wa sayansi aliwaagiza watengeneze chombo cha kupunguza kazi za nyumbani. Yeye akaunda kigari cha kubebea madumu ya maji, kwa mbao za kitanda kibovu na magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Breki ilikuwa kipande cha kandambili kwenye kijiti. Ukivuta kijiti, kandambili inabana gurudumu.

Wiki nzima akaijaribu uani. Nafua, kwii. Napika, kwii. Nimejinyoosha kidogo, kwii. Nikamwambia anyamazishe kitu chake, akanijibu breki ndivyo ilivyo. Watoto wa siku hizi wana majibu.

Alipokwenda shule, nikachukua mafuta ya kupikia. Nikapaka kila panapozunguka, na ile kandambili nikaipaka vizuri zaidi. Kelele ikakatika. Nikajisifu.

Jioni tulikwenda kuchota maji. Njia ya kurudi ina mteremko unaoishia barabarani. Kitindamimba wangu alikuwa akilia miguu inamuuma, nikamkalisha juu ya madumu. Binti akasema breki ameipima kwa madumu, si kwa mtu. Nikamwambia huyu hana uzito wa kuku.

Katikati ya mteremko kigari kikaongeza mwendo. Binti akavuta kijiti, kandambili ikateleza.

"Mama, haikamati."

Fundi baiskeli ana kibanda chake pale chini. Alirusha tairi kuukuu mbele ya kigari. Kigari kikapinduka hatua tatu kutoka barabarani. Mtoto alichubuka magoti tu. Nikambeba mgongoni.

Fundi akaishika kandambili, akanusa kidole. "Shemeji, nani kakaanga breki?"

Binti alinitazama. Nikakiri.

"Kinachosimamisha gurudumu ni msuguano," fundi akasema. "Mafuta yanauondoa. Paka kwenye chuma cha katikati ya gurudumu, lizunguke kwa wepesi. Kwenye breki usipake. Na mzigo ukizidi, breki inahitaji kubana kwa nguvu zaidi."

"Na kelele?"

"Hiyo ni breki iko kazini. Vumilia."

Tuliiosha kwa sabuni, bado ikateleza. Maonyesho ya shule yalikuwa kesho kutwa. Nikavua kandambili yangu mpya, nikampa binti kisu akate. Fundi akachora mstari wa chaki kwenye mteremko. Binti akajaribu kigari kitupu, kisha dumu moja, kisha mawili. Mara zote kikasimama kabla ya mstari. Mtoto hatukumpandisha tena, na shuleni binti aliandika kwenye ubao wake: mzigo wa maji tu.

Sasa akitoka kuchota maji, naisikiliza ile kwii kutoka jikoni. Ikichelewa, natoka mbio, mguu mmoja peku.