Hisa za Shilingi Themanini

Osward hanunui mahindi kwa kuambiwa. Akifika Kabungu kwa wakulima, hata salamu haijaisha, bambo liko mkononi. Anachoma gunia juu, anachoma katikati, anachoma chini. Ule mrija wa chuma unatoka na punje. Punje moja anaitia mdomoni na kuing'ata. Ikivunjika kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea, gunia linabaki kwa mwenyewe. Mkulima anune, asinune, shauri yake.

Basi mtu huyo huyo, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, alirudi nyumbani Kawajense na kumwambia mkewe Skolastika kwamba anataka kununua kampuni. Kampuni yenyewe hajawahi kuona hata geti lake.

"Siyo kampuni nzima, mama Evaline. Hisa. Ukinunua hisa, unamiliki kipande cha kampuni."

Skolastika alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama.

"Kwa pesa gani?"

Osward akakohoa. Skolastika alikijua kikohozi kile. Hakikutoka kifuani hata kidogo.

"Ile laki tisa na sitini," akasema Osward, sauti chini.

Humo ndani mlikuwa na ada. Binti yao Evaline alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Mwezi wa kumi alitakiwa kulipa laki sita, la sivyo nafasi apewe mwingine.

"Ada ya mtoto, Osward?"

Skolastika akimwita mumewe kwa jina, ujue nyumba haina amani.

"Sikiliza kwanza! Kuna kampuni inaitwa Mabati Nuru. Hisa moja shilingi themanini tu. Miaka mitatu nyuma ilikuwa mia tatu! Itarudi pale pale. Kuna nyingine, Unga Pindo, hiyo wanauza mia sita kwa hisa moja. Nani mjinga? Kwa pesa yetu napata hisa elfu kumi na mbili za Nuru. Za Pindo napata elfu moja na mia sita tu. Elfu kumi na mbili, mama Evaline!"

"Nani kakuambia itarudi?"

"Method."

Method ni mdogo wake Osward. Ana kibanda cha kunyolea nywele kule Kashaulili.

"Method!" Skolastika alisukuma ungo pembeni. "Si ndiye aliyetufugisha sungura? Wamekula mchicha wangu wote, na mnunuzi mpaka leo hajatokea. Jamani, nyie watu wa ukoo huu mna nini?"

"Jumatatu asubuhi nampigia dalali wa hisa. Akaunti nimeshafungua."

Jumapili, baada ya misa, Skolastika alimshika mkono jirani yake Annonciata. Annonciata ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima. Hesabu za chama zote anazifunga yeye.

"Njoo nyumbani umwambie huyu mwanaume kwamba hisa ni utapeli. Mimi nimechoka."

"Siwezi kumwambia hivyo, dada. Siyo kweli. Hisa ni biashara halali. Zinauzwa kwenye Soko la Hisa Dar es Salaam, na madalali wake wana leseni."

Skolastika akakasirika mara mbili. Amemfuata mtu amsaidie, naye anamtetea Osward! Hata hivyo hakuuachia ule mkono.

Osward alipomwona mgeni, alijua kimemkuta.

"Shemeji Osward," Annonciata alisema akikaa, "nasikia unanunua magunia elfu kumi na mbili."

"Hisa, shemeji. Siyo magunia."

"Kwa nini umechagua za Nuru?"

"Bei yake ni ndogo. Napata nyingi."

"Haya. Nikikuuzia gunia shilingi elfu tano, unalichukua?"

Osward akacheka. "Elfu tano? Hilo lina pumba. Nachoma bambo kwanza."

"Na hii Nuru umeichoma wapi?"

Skolastika alitaka kupiga vigelegele, akajizuia.

Annonciata akatoa simu yake. "Kampuni ikiwa kwenye soko la hisa, kila mwaka inatoa taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Mtu yeyote anaisoma, bure. Hilo ndilo bambo lako. Tuangalie faida. Miaka mitatu nyuma Nuru walipata faida ya milioni mia tatu. Mwaka uliofuata, milioni hamsini. Mwaka jana wamepata hasara, milioni mia nne."

"Hasara?" aliuliza Osward.

"Hasara. Kwa hiyo ile bei haikuanguka kwa bahati mbaya. Sasa tuangalie mali na madeni. Mali zao zote, mitambo, majengo, mabati yaliyo ghalani, ni bilioni kumi. Madeni ni bilioni tisa na nusu."

"Zinabaki milioni mia tano," Skolastika alidakia. Hesabu za kutoa hazijawahi kumshinda.

"Umepatia, dada. Na hisa zote za kampuni ni milioni hamsini. Gawanya."

Osward akagawanya kwa kidole juu ya meza. Akarudia. "Shilingi kumi."

"Shilingi kumi kwa kila hisa. Wewe unataka kulipa themanini, kwa kampuni inayopata hasara. Sasa niambie, ipi ndiyo ghali?"

"Na hao wa Pindo?" Osward aliuliza polepole.

"Hisa zao zote ni milioni ishirini. Mwaka jana faida ilikuwa bilioni moja na nusu. Kila hisa imetengeneza shilingi sabini na tano, na faida inapanda mwaka wa tatu huu. Ukitoa madeni kwenye mali, kila hisa ina mali ya shilingi mia tano na hamsini nyuma yake. Na wametoa gawio, yaani wenye hisa wamegawiwa faida, shilingi arobaini kwa hisa. Kwa bei ya mia sita, siyo mbaya."

"Basi Jumatatu naweka zote Pindo!"

"Osward!" Skolastika alipiga meza. Huyu mtu ana kichwa cha namna gani?

Annonciata alitikisa kichwa. "Hapana, shemeji. Hata kampuni nzuri bei yake hushuka. Ikishuka mwezi wa kumi, utauza kwa hasara ulipe ada? Pesa yenye kazi yake karibu haiendi kwenye hisa. Inaenda ile ambayo unaweza kuiacha miaka."

Jumatatu waliongozana benki wote wawili. Skolastika hakutaka kusimuliwa. Laki sita za ada zilibaki kwenye akaunti. Kwa laki tatu na kitu zilizobaki, Osward alinunua hisa mia tano na hamsini za Pindo, na ada ya dalali akalipa humo humo. Mwezi wa kumi Evaline aliondoka na begi lake, ada imelipwa.

Mwaka uliofuata bei ya Pindo ilishuka mpaka mia tano na themanini. Osward akakosa raha siku mbili. Skolastika alimwambia afungue taarifa mpya badala ya kuzunguka zunguka uani. Faida ilikuwa imepanda. Wakatulia. Baadaye gawio likaingia kwenye akaunti, karibu elfu ishirini na moja baada ya kodi. Evaline akanunuliwa viatu vya wodini.

Method yeye alikuwa ameweka akiba yake yote Nuru. Akaja Kawajense mwezi wa nane, akakaa mlangoni kama mtu wa msibani.

"Zimefika shilingi kumi na nane," alisema. "Lakini zitarudi tu."

"Zirudi zikitokea wapi, shemeji?" Skolastika alimkata. "Faida ya mwaka huu kiasi gani? Madeni yamepungua?"

"Sijui."

"Taarifa umeisoma?"

Method akauliza, "Kwani inasomwaje?"

Skolastika akashusha pumzi. Miezi kumi na minne! Pesa imekwisha ndiyo anauliza. Alitamani kumrushia kandambili.

"Vuta kigoda," akasema. "Tunaanza na madeni."