Nyumba Walikoacha Mizigo

Rafiki yangu mmoja, fundi saa, alikodi nyumba ya likizo kwa wiki nzima, yeye na mkewe. Mizigo ingebaki pale. Wao wangetoka na gari, kila mara walale mbali usiku mmoja, kisha warudi. Tangu wamzike binti yao, hakuna kilichowaliza wala kuwachekesha.

Waliporudi safari ya kwanza, mchana, mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nyuma ya mapazia, giza totoro. Walisikia ramani ikikunjuliwa mezani, kisha sauti ya mkewe ikiuliza, "Kesho tulale wapi?"

Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mdomo kaufumba.

"Sikuogopa," rafiki yangu aliniambia. "Nilibisha hodi tu."

Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona mle ndani, "Usifungue, mke wangu. Ni wale tena."